Usiache Mbachao: Tahakiki ya Hoja ya Kujitengenezea Programu ya Wiki katika Miradi Huria

Utangulizi

Kila mradi wa programu huria hufika wakati unapohitaji mahali pa kuandikia mambo yake: namna ya kusimika programu, maana ya istilahi zake, maamuzi yaliyofikiwa na sababu za kuyafikia. Aghalabu mahali hapo huwa ni wiki, yaani mkusanyiko wa kurasa ambazo wasomaji wenyewe huziandika na kuzirekebisha, huku kila badiliko likihifadhiwa katika historia ya ukurasa. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Upande mmoja husema programu za wiki zipo tele, basi ichukuliwe mojawapo kazi iendelee. Upande wa pili husema zote hizo zina kasoro, na kwa kuwa wanamradi ni watengenezaji wa programu, hakuna kinachowazuia kujitengenezea ya kwao.

Methali zetu nazo hazikubaliani. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema moja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, hujibu nyingine. Kila upande unaweza kujificha nyuma ya methali yake na ukaonekana una hekima. Kwa hiyo hukumu haitatoka katika methali, itatoka katika mifano.

Tahakiki hii inaipima hoja ya upande wa pili kwa mifano mitatu inayojulikana: MediaWiki, Fossil na MoinMoin. Dai letu ni kwamba swali la "je, tunaweza kuiandika?" ni rahisi kuliko yote, na ndilo linaloulizwa zaidi. Maswali mazito ni mawili: nani ataitunza programu hiyo, na ni kazi gani ya watu wengine tunayoitupa tunapoanza upya? Kwa mtumiaji wa Kiswahili, swali hilo la pili lina uzito wa pekee.

Urahisi unaodanganya

Wiki ya kwanza, WikiWikiWeb, ilianzishwa na Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995. Jina lake lilitokana na neno la Kihawaii lenye maana ya haraka; halina uhusiano na wiki yetu ya siku saba. Kiini chake chaelezeka kwa sentensi moja: ukurasa, kitufe cha kuhariri, na njia nyepesi ya kuunganisha ukurasa mmoja na mwingine. Mwanafunzi aliyesoma uandishi wa programu kwa muhula mmoja au miwili anaweza kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa siku chache, nacho kikafanya kazi.

Lakini kiini si kitu kizima. Watu wawili wakihariri ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kazi ya nani itabaki? Mharibifu akifuta kurasa mia usiku, zitarudishwaje? Matangazo ya taka yanayobandikwa na mashine yatazuiwaje? Utafutaji, picha, nywila zilizosahauliwa, nakala za akiba, mianya ya usalama, skrini ndogo ya simu: hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana siku ya kwanza, na hakuna hata moja lisilojitokeza baadaye. Kila moja peke yake ni dogo. Yakijumlishwa ni kazi ya miaka.

Hapa ndipo methali ya tatu inapofaa: kipya kinyemi ingawa kidonda. Wanaopendekeza kuandika wiki mpya si wavivu wala si wajinga. Wanavutwa na sehemu ya kazi iliyo tamu, ile ya mwanzo, na kuihesabu kana kwamba ndiyo kazi yote.

Historia ya Wikipedia ikisomwa vizuri

Mfano unaotajwa sana katika kutetea kujitengenezea ni Wikipedia. Hoja huenda hivi: Wikipedia ilijiandikia programu yake, MediaWiki, ikafanikiwa, kwa hiyo mradi wenye malengo makubwa unapaswa kufanya vivyo hivyo. Tunaona kwamba hoja hii imeisoma historia kuanzia ukurasa wa kati.

Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001, na siku hiyo haikuwa na programu yake. Ilitumia UseModWiki, programu iliyoandikwa na Clifford Adams kwa lugha ya Perl, iliyohifadhi kurasa katika faili za kawaida bila hifadhidata. Chombo hicho kilikuwa na mapungufu ya wazi. Mwanzoni kiungo kilifanywa kwa kubananisha maneno na kuweka herufi kubwa katikati, kama vile mtu aandike ZiwaTanganyika. Baadaye ndipo ulipokuja utaratibu wa mabano mraba mawili tunaoujua leo. Hata hivyo, kwa chombo hicho cha kuazima, waandishi walifikisha takriban makala 20,000 katika mwaka wa kwanza.

Januari 2002 ndipo programu mpya ilipoanza kutumika. Iliandikwa kwa PHP na hifadhidata ya MySQL na Magnus Manske, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani. Wasomaji na waandishi waliongezeka kasi, seva ikalemewa, na Julai mwaka huohuo toleo lililoandikwa upya na Lee Daniel Crocker likachukua nafasi yake. Toleo hilo ndilo lililokua na baadaye kupewa jina la MediaWiki.

Tukiisoma historia hii tangu mwanzo, inafundisha mambo matatu yaliyo kinyume na hoja tunayoihakiki. Kwanza, jumuiya ilitangulia programu: watu, kurasa na desturi za kuhariri vilikuwepo kabla ya msimbo mpya. Pili, chombo cha awali kilitumiwa kwa mwaka mzima. Waliokiacha waliweza kueleza kwa uhakika kilishindwa wapi. Hawakukikataa kwa sababu kiliwachukiza kwa mbali. Tatu, hata walipoandika upya hawakuanza upya kabisa. Alama za kuandikia, kama vile vidokezo viwili kwa maandishi ya mlazo na vitatu kwa maandishi mazito, zilitoka katika wiki zilizotangulia zikaendelea kutumika, maana makala zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa alama hizo.

Jambo hili la tatu lilikuwa na gharama yake. Alama hizo hazikuwahi kuwekewa sarufi rasmi. Maana yake ilikuwa chochote ambacho programu ilikifanya nazo. Miaka kumi baadaye, shirika la Wikimedia lilipotaka kuwapa waandishi kihariri kinachoonyesha ukurasa kama utakavyosomeka, lililazimika kwanza kujenga programu nyingine, Parsoid, ya kutafsiri alama hizo kwenda na kurudi. Kihariri hicho kilipowekwa kuwa cha kawaida katika Wikipedia ya Kiingereza mwezi Julai 2013, waandishi wengi walikilalamikia, na Septemba mwaka huohuo kikaondolewa katika nafasi hiyo. Hili lilitokea kwa shirika lenye waajiriwa wa kudumu. Kikundi cha watu watano wanaojitolea jioni baada ya masomo kijiulize kitabeba vipi mzigo wa namna hiyo.

Aidha, shirika hilohilo halikujitengenezea kila kitu. Kwa kufuatilia kasoro za programu lilitumia Bugzilla, chombo kilichotoka kwa Mozilla, kisha mwaka 2014 likahamia Phabricator, chombo kilichoanzia ndani ya kampuni ya Facebook. Lilijiandikia lile lililo moyo wa kazi yake, yaani wiki, na kwa yaliyobaki likatumia vya wenzake. Anayetaka kuiga Wikipedia aige na nusu hii pia.

Pale kujitengenezea kulipofaa

Tahakiki isiyosikiliza upande wa pili haina haki. Upo mfano ambao unatetea kujitengenezea kwa nguvu, nao ni Fossil.

D. Richard Hipp ndiye aliyeandika SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo katika simu nyingi tunazozishika mikononi. Mradi wake haukutaka chombo kimoja cha kutunza msimbo, kingine cha kasoro na kingine cha wiki. Akaandika Fossil, programu moja inayobeba vyote vitatu, na data ya mradi mzima hukaa katika faili moja la SQLite. Mwaka 2009 msimbo wa SQLite ulihamia humo.

Kwa nini hapa kidonda hakikuota? Sababu zinaonekana. Hipp alikuwa tayari ameandika CVSTrac, chombo kilichounganisha taarifa za kasoro na kurasa za wiki, kwa hiyo alijua kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Fossil imejengwa juu ya hifadhidata aliyoiandika yeye mwenyewe, hivyo kila inapotumika, nayo inaipima SQLite. Kubwa kuliko yote, watunzaji wa SQLite wametangaza kwamba wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Mtu mwenye ahadi ndefu kiasi hicho ana sababu ya kuogopa kutegemea vyombo vya watu wengine ambao huenda wakachoka kabla yake.

Kwa hiyo Fossil haitoi ruhusa kwa kila mtu. Inaonyesha masharti: ujuzi wa awali, uhusiano wa karibu kati ya chombo na kazi yenyewe, na mtunzaji atakayekuwepo kwa miongo kadhaa. Mradi unaotimiza masharti hayo na uandike. Mradi usiotimiza hata moja unajilinganisha na Hipp kwa jina tu.

Hatari ya kuazima

Nguo ya kuazima nayo ina siku yake ya kudaiwa. MoinMoin ni programu ya wiki iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na kwa miaka mingi ilitumiwa na miradi mikubwa, ikiwemo Debian. Toleo lake la 1.9, ambalo ndilo lililokuwa limeenea, liliandikwa kwa Python 2. Tarehe 1 Januari 2020 watunzaji wa Python waliacha kuihudumia Python 2. Kurasa za watumiaji wa MoinMoin hazikufutika siku hiyo, lakini zilibaki juu ya msingi ambao haukuwa tena na mtu wa kuziba nyufa zake, huku toleo la 2 likichukua miaka mingi kukamilika. Na kuhama si kubofya kitufe, kwani alama za MoinMoin si zile za MediaWiki. Kila ukurasa unapaswa kubadilishwa.

Phabricator nayo iliyumba. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiiendeleza ilitangaza kwamba inaacha. Hata hivyo, hapa tunaona faida ya uhuria. Kwa kuwa leseni iliruhusu, watumiaji wake waliuchukua msimbo na kuuendeleza kwa jina la Phorge. Chombo kilipoteza mwenyewe, hakikupoteza uhai.

Mifano hii inatufundisha namna ya kuazima. Kabla ya kuchagua programu ya wiki, mradi uulize: leseni yake inaturuhusu kuiendeleza wenyewe wakiiacha? Kurasa zetu zinaweza kutolewa zote kwa mkupuo, pamoja na historia yake? Watunzaji wake ni wangapi, ni mtu mmoja au ni wengi? Maswali haya yanahitaji siku mbili za kusoma na kujaribu. Kuandika programu mpya kunahitaji miaka, na hakuyaondoi maswali yenyewe, kwa sababu siku moja wanaotutegemea sisi watatuuliza hayohayo.

Yanayowahusu wasomaji wa Kiswahili

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba programu ni msimbo peke yake. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi jirani, ambako kimekaa pamoja na Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala, programu ni maneno pia. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Lugha nne tulizozitaja nazo zina Wikipedia zake, na zote zinatumia MediaWiki ileile. Hakuna aliyelazimika kuandika programu ili Kirundi kipate ukurasa wake wa kwanza.

Mtu anapofungua wiki hiyo akakuta maneno kama Makala, Majadiliano na Hariri, anaona matunda ya kazi ya wafasiri wa kujitolea. Kiolesura cha MediaWiki kina maelfu ya vipande vya maneno, na tafsiri zake hufanywa katika tovuti ya translatewiki.net kwa mamia ya lugha. Neno likirekebishwa hapo, marekebisho yanafika kwa kila anayetumia MediaWiki kwa lugha hiyo. Tafsiri hizo hazikosi kasoro, na mwanafunzi wa isimu anaweza kubishana na istilahi kadhaa. Lakini kubishana na tafsiri iliyopo ni kazi ya alasiri moja, na kutafsiri maelfu ya vipande kuanzia sifuri ni kazi ambayo miradi midogo haiimalizi.

Tena suala si maneno tu, ni sarufi. Katika Kiingereza wingi wa nomino nyingi huonyeshwa kwa herufi moja mwishoni, na kitenzi cha wakati uliopita hakibadiliki. Kwa hiyo mtengenezaji asiye makini huandika msimbo unaoweka nambari, neno, kisha ile herufi ya wingi, akadhani amemaliza. Kiswahili hakikubali. Tunasema ukurasa 1 umebadilishwa, lakini kurasa 3 zimebadilishwa. Mtumiaji 1 amejiunga, lakini watumiaji 3 wamejiunga. Nomino inabadilika mwanzoni, kitenzi kinaifuata kwa upatanisho wa ngeli, na nambari inakaa baada ya nomino. Programu isiyojua hayo itaandika "1 kurasa zimebadilishwa", na hakuna mfasiri atakayeweza kuiponya, kwani kosa limo ndani ya msimbo. MediaWiki humruhusu mfasiri aandike umbo la umoja na umbo la wingi kila moja kwa ukamilifu wake, na aiweke nambari anapoihitaji. Uwezo huo ulitokana na lugha nyingi kudai haki zake kwa miaka mingi. Anayeanza upya anaanza bila madai hayo, na aghalabu lugha ya kwanza kuumia si Kiingereza.

Tuchukue sasa chama cha Kiswahili cha chuo kimoja kinachotaka kuandaa wiki ya istilahi za sayansi. Wanachama wake wachache wanaojua kuandika programu wana hamu ya kuanza. Lakini mwanafunzi huhitimu. Aliyeandika programu akiwa mwaka wa kwanza hayupo mwaka wa nne, na anayemrithi hukuta msimbo usio na maelezo. Wiki iliyosimama juu ya MediaWiki inaweza kupokelewa na mtu yeyote anayejua chombo hicho, na watu hao wapo. Na kama seva ni dhaifu, ipo DokuWiki, inayohifadhi kurasa katika faili za maandishi bila kuhitaji hifadhidata. Kwa kundi linalobadilika kila mwaka, chombo kinachofahamika nje ya kundi ni bora kuliko chombo kizuri kinachofahamika na mtu mmoja.

Njia iliyo katikati

Je, basi wenye uwezo wa kuandika programu wakae kitako? La. Programu nyingi za wiki hukubali viendelezi, yaani vipande vya msimbo vinavyoongezwa juu yake bila kuugusa msingi. Hapo ndipo nguvu zetu zinapohitajika. Fikiria utafutaji unaojua mnyambuliko wa Kiswahili: msomaji akiandika soma, apate pia wanasoma, kusomesha na msomaji. Kazi hiyo inahitaji mtu anayeelewa viambishi, mzizi na kauli za kitenzi, na tukiingoja kutoka kwa mhandisi asiyejua Kiswahili tutangoja sana. Wakati uliotumika kuandika upya kitufe cha kuhariri, kitu ambacho kimekwisha kuandikwa mara nyingi duniani, ni wakati uliotolewa kwenye kazi hii ambayo wenye uwezo wa kuifanya ni wachache.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfano wa Wikipedia, unaotumiwa kutetea wiki za kujitengenezea, unaunga mkono jambo tofauti: anza na kilichopo, kitumie hadi ujue kwa hakika kinakatikia wapi, ndipo uandike. Fossil imeonyesha kwamba kujitengenezea kunaweza kuwa uamuzi sahihi, kwa masharti ambayo miradi michache huyatimiza. MoinMoin na Phabricator zimeonyesha kwamba kuazima kunahitaji macho, na kwamba leseni huria ndiyo dhamana ya mwazimaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kimoja kwa mradi wowote wa wanafunzi unaofikiria kuandika wiki yake. Wanaopendekeza waandike ukurasa mmoja wenye mambo matatu: ni kitu gani hasa programu zilizopo zimeshindwa kuwafanyia baada ya kuzijaribu, kwa nini kiendelezi hakitoshi, na majina ya watu watakaoitunza programu mpya miaka mitano ijayo. Ukurasa huo ukijaa, waanze kazi, nasi tutawaunga mkono. Ukibaki mtupu, mbachao upo. Watandike wakae waandike istilahi.